Ndoo ya Kwanza

Miaka ile ya mgao wa maji, pale mtaani kwetu Kihonda, mwenye filimbi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na filimbi alikuwa nayo mwanamke mmoja tu. Tulimwita Msimamizi. Jina lake la kuzaliwa walilitumia ndugu zake walipokuja kumtembelea, nasi tulishtuka kidogo kulisikia, kama vile wamekosea nyumba.

Nilikuwa nimepanga chumba mkabala na bomba la mtaa. Kazi yangu ilikuwa kukata tiketi za mabasi kituoni Msamvu, kazi inayomfanya mtu azijue foleni kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Nimeona foleni za kwenda Dodoma, za kwenda Iringa, za sikukuu na za shule kufungwa. Sijaona foleni iliyonyooka kama ile ya ndoo za Msimamizi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kusimama. Juu ya khanga zake alivaa koti la kazi la bluu ambalo maandishi ya kifuani yalikuwa yamefutika kwa kufuliwa. Kabla sijamfahamu alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha nguo. Viwanda vilipoanza kuuzwa na kufungwa, alipunguzwa kazini pamoja na wenzake, akarudi nyumbani na vitu viwili, koti lile na filimbi. Wenzake wengine waliingia kwenye mitumba, wengine walifungua magenge ya nyanya mbele ya nyumba zao. Yeye alitazama vurugu ya pale bombani, watu wakivutana madumu na kumwagiana matusi, akatoka ndani na filimbi yake mdomoni. Hakuna aliyemchagua. Balozi wa nyumba kumi, ambaye siku hizo za vyama vingi hakuwa na uhakika tena kama bado ni balozi, alifurahi kumwachia.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Ndoo zilipangwa mstari mmoja kuanzia bombani hadi kwenye ukuta ambao fundi mwashi wa mtaani aliuacha nusu. Asiyekuwa na ndoo ya kuacha aliweka jiwe, kopo au kandambili, na kitu hicho kiliheshimiwa kama mwenyewe. Maji yaliporudi, alipuliza filimbi mara moja, na mtaa mzima ukamwagika nje. Aliyelala alipoteza nafasi.

"Wewe mwenye dumu la njano! Dumu lako limeamka, wewe je?"

"Nakuja Msimamizi, nafunga khanga!"

"Funga ukitembea."

Vijana wa mikokoteni waliokuwa wakiuza maji kwenye mabaa na mahoteli walimwogopa kuliko askari. Mmoja aliwahi kumbembeleza mbele yangu.

"Mama, niachie madumu mawili tu. Nina wateja wananisubiri."

"Wateja wako wana miguu?"

"Wanayo, mama."

"Waambie waje nayo."

Foleni ilicheka mpaka ndoo zikayumba, kijana naye akacheka, akageuza mkokoteni wake. Ndivyo alivyokuwa. Alimfukuza mtu, na mtu akaondoka akicheka.

Alikuwa na kauli zake, nyingi zikitoka kiwandani. Mtoto akivunja kitu, mtu akikosa, jirani akija kuomba radhi kwa neno alilolisema jana, jibu lake lilikuwa hilo hilo: "Uzi ukikatika hauombwi radhi. Unaufunga, mashine inaendelea." Sikumsikia akiomba radhi, wala hakupenda kuombwa. Aliyemkosea alitakiwa aje na jembe amlimie, au amfagilie uwanja, yakaisha.

Alipenda pia kutaja jicho lake. Kiwandani kazi yake ilikuwa kutembea kati ya mashine akikagua nyuzi, na alisema jicho lake halijapata kupitisha uzi mbovu. Nasi tuliamini, kwa sababu alitambua sarafu bandia, maziwa yaliyoongezwa maji na kijana anayedanganya, vyote kwa kutazama tu. Kwa maji alikuwa na bilauri moja ndefu. Maji yaliporudi baada ya mgao, bomba lilikohoa kwanza, likatema upepo, kisha kutu, kisha maji ya rangi ya chai. Hayo aliyaacha yapite. Yalipoanza kuwa meupe alikinga bilauri, akaiinua juu kuelekea jua, akafumba jicho moja. Akiridhika alisema, "Haya ni maji ya mlimani kabisa," na sisi tukageuka kuitazama milima ya Uluguru ikiwa imejifunika ukungu, tukiona fahari kana kwamba tumeyateka wenyewe kule juu.

Mambo yake mengine hayakupatana. Alichukia umbeya, lakini hakuna mimba iliyoingia mtaani bila yeye kuijua kabla ya mume. Alikuwa mkali wa nidhamu, lakini kwenye harusi alilia kuliko mama wa bibi harusi. Maji ya chupa yalipoanza kuonekana madukani, aliyadhihaki wiki nzima. "Mlima ule pale, halafu mtu ananunua maji yaliyofungwa kama mafuta ya nywele!" Chupa tupu aliziokota zote, akaziosha, akazipanga dirishani, kwa sababu zilikuwa nzuri mno kutupwa.

Na alikuwa na huruma, ila aliificha ndani ya sheria, na hapo ndipo palipozaliwa utaratibu wa ndoo ya kwanza.

Maji ya mgao hayakuwa na saa. Yangeweza kutoka yakakatika kabla foleni haijafika katikati, na waliokuwa nyuma wakabaki na ndoo tupu. Siku moja mwanamke aliyejifungua karibuni aliweka ndoo yake mkiani, akarudi bila tone. Msimamizi aliona. Siku iliyofuata, kabla hajagusa koki, alisimama juu ya jiwe la kufulia na kututangazia:

"Kuanzia leo ndoo ya kwanza haina foleni. Ya kwanza ni ya mwenye kichanga. Au ni ya mgonjwa. Au ni ya nyumba yenye msiba, na wakiwa wengi wapokezane. Nyie wengine wazima, mna miguu ya kusubiri."

Hakuna aliyepinga. Mzee mmoja alipiga makofi. Mimi nilikwenda Msamvu nikawasimulia wenzangu, nikasema kwamba mtaa wetu una ustaarabu ambao mitaa ya mjini haina. Hata mgao ulipokuwa mkali, hata katika joto la kabla ya mvua watu walipokuwa wamekaa siku kadhaa na madumu matupu, sikuona mtu akiigombea ndoo ya kwanza. Ilipita juu ya vichwa vyetu, ikibebwa na vijana wawili hadi mlangoni kwa anayehusika, na watu wakaitikia, "Afya! Afya!"

Aliyeipata kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Mama Shabani.

Huyu alikuwa binti wa kule juu milimani aliyeolewa na fundi mwashi wa mtaani kwetu. Aliuza ndizi na mchicha kwenye meza ndogo, sauti yake ikipanda na kushuka kwa lafudhi ya Kiluguru ambayo watoto walipenda kuiga. Mumewe alifuata kazi za ujenzi huku na huko, kwa hiyo mara nyingi alikuwa peke yake. Shabani alikuwa mtoto wake wa kwanza. Msimamizi, ambaye watoto wake mwenyewe walikuwa wameshatawanyika, alimpenda huyu binti kwa namna yake, yaani kwa kumgombeza.

"Mama Shabani! Ndoo yako!"

"Ahsante mama, Mungu akulipe."

"Asinilipe, amlaze huyo mtoto, kelele zake nazisikia mpaka kwangu. Mpe maji, joto hili. Haya mapya, hayajaguswa na mtu."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, dirishani. Mama Shabani alikuwa ametoka mahali ambapo maji hunywewa kwa viganja, kwenye mawe, yakiwa baridi. Mkaa nao haukuwa kitu cha kuchezea. Ndoo imetoka kwa Msimamizi, imepitishwa na jicho lake, ina heshima ya mtaa mzima juu yake. Nani angeichemsha?

Lazima sasa nieleze kuhusu mtaro. Bomba letu kabla ya kutufikia lilipita chini ya mtaro uliokuwa nyuma ya nyumba ya wageni iliyofunguliwa miaka hiyo, yenye baa mbele na safu ya vyoo nyuma. Hapo kwenye mtaro kulikuwa na kiungo kinachovuja. Mtu fulani alikuwa amekizungushia vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Maji yakiwepo, kilirusha kijichemchemi chembamba, na watoto walikiziba kwa kidole kurushiana. Sote tulikijua. Wengine wetu tulinawia miguu hapo tukitoka kazini. Hakuna aliyekwenda kukitolea taarifa. Tulikiona kama sehemu ya mtaa, kama kilivyokuwa kibao kilichopinda cha ile nyumba ya wageni.

Mvua kubwa zilipoanza, mtaro ulijaa, na ugonjwa wa kuhara ukaingia. Ulituchanganya kwa sababu ulichagua. Mzee aliyekuwa akiugua miguu alihara, akapelekwa hospitali, akapona kwa shida. Nyumba iliyokuwa na msiba ilihara, wafiwa na waliokuja kuwafariji. Mwanamke mwingine aliyekuwa na kichanga alilazwa yeye na mwanawe, wakarudi wamekonda. Shabani hakurudi. Alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa. Alizikwa mchana, mvua ikinyesha, na Msimamizi alisimama na wanawake akiwa amevaa khanga tu, bila koti lake, mara ya kwanza mimi kumwona bila hilo koti.

Mtaani kulianza minong'ono. Kwa nini nyumba hizi? Mmoja akataja jicho baya, mwingine akataja ugomvi wa kiwanja. Wenye nyumba hizo hawakuwa na undugu, hawakula pamoja, wengine walikuwa Waislamu na wengine Wakristo. Walikuwa na jambo moja tu la kuwaunganisha, nalo lilikuwa likifanyika mbele ya macho yetu, na hakuna aliyeliona.

Bwana afya alikuja asubuhi moja akiwa na vichupa vyake ndani ya boksi. Alikuwa kijana mpole, viatu vyake vimejaa tope kwa sababu alikuwa ameshapita mtaroni. Foleni ilikuwepo, maji yalikuwa hayajarudi. Alisalimia, akampa Msimamizi shikamoo, kisha akauliza kama mtu anayeuliza njia:

"Maji yakirudi baada ya mgao, nani hukinga wa kwanza?"

Tuligeuka, foleni nzima, tukamtazama Msimamizi. Na mimi niligeuka.

Yeye alidhani tunampisha ajisifu. Alijinyoosha.

"Hapa hatuna vurugu, bwana afya. Ya kwanza ni ya mwenye kichanga, au mgonjwa, au msiba. Utaratibu huo nimeuweka mimi."

"Kila mara?"

"Kila mara. Muulize yeyote. Na nayatazama kwanza, sitoi maji machafu."

Bwana afya aliangalia vichupa vyake. Nadhani angependa kuyasema yale maneno ofisini, au kwenye karatasi, popote isipokuwa pale. Akaeleza polepole kwamba bomba likiwa na maji, maji hutoka nje penye tundu. Bomba likiwa tupu, hufyonza. Lile la mtaroni lilikuwa likifyonza siku zote za mgao, na yaliyofyonzwa hukaa yakisubiri. Kutu ikishapita, maji yale huonekana meupe, lakini hayajawa safi. Yanayokuja nyuma yake, baada ya muda, ndiyo yenye nafuu.

"Ya mwanzo yangemwagwa, mama. Ndoo kadhaa. Na hayo mengine yachemshwe."

"Yamwagwe?" Msimamizi aliuliza. "Maji ya mgao, mtu ayamwage?"

"Ndiyo, mama."

Kutoka mkiani mwa foleni mwanamume mmoja, ambaye siku zote alichelewa na siku zote aliachwa na ndoo nusu, alisema kwa mshangao tu, bila ubaya, "Kumbe sisi wa nyuma ndio tulikuwa tunakunywa mazuri."

Msimamizi alivua filimbi shingoni, akaishika mkononi kama kitu alichookota na kumkosa mwenyewe. Kisha akaingia ndani. Siku hiyo maji yaliporudi hakuna aliyepuliza chochote.

Alasiri alinigongea mlango.

"Nisindikize," alisema. "Nikienda peke yangu nitageukia njiani."

Sikuuliza wapi. Tulitembea hadi kwa Mama Shabani, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchicha aliokuwa hauuzi, kwa sababu bado alikuwa katika majonzi. Alimpa Msimamizi shikamoo, akatukaribisha, akaingia ndani, akatoka na bilauri mbili za maji juu ya sinia, akatutengea. Hatukuzigusa.

Msimamizi alisema yote. Alisema kwa mpangilio, kama mtu anayekabidhi zamu: mtaro ulivyo, kiungo kilivyo, mgao unavyofanya, bwana afya alivyosema, na ndoo zilivyokwenda kwa nani. Hakulia. Hakumsingizia mtu wa idara ya maji wala mwenye nyumba ya wageni, ingawa angeweza, nasi sote baadaye tuliwasingizia. Alipomaliza, Mama Shabani aliendelea kukata mizizi ya mchicha kwa muda.

"Siku ile ulinichagulia mwenyewe," alisema.

"Nilikuchagulia."

"Ukaniambia nimpe, joto."

"Nilikuambia."

"Nikakushukuru."

"Ulinishukuru."

Mama Shabani aliinuka. Alichukua zile bilauri mbili alizotutengea, akazimwaga uani, moja baada ya nyingine, akaingia ndani na sinia lake. Tulikaa kidogo tukimsubiri. Kisha tukaelewa kwamba tumekwisha kuagwa.

Njiani Msimamizi alisimama karibu na ukuta wa mwashi. Nilitegemea atasema lile neno lake la uzi na mashine. Hakulisema, siku ile wala siku nyingine yoyote niliyokuwa naye.

Tangu hapo Mama Shabani hakuchota tena kwenye bomba letu. Alivuka barabara ya Dodoma na ndoo kichwani hadi bomba la mtaa wa ng'ambo, akipita mbele ya foleni yetu akienda na akipita akirudi. Hakututukana. Alisalimia watu wote kwa jumla, na Msimamizi alikuwa mmoja wa watu wote. Baadaye alipata binti, na mtaa ukaendelea kumwita Mama Shabani, kwa kuwa kwetu mama huitwa kwa mzaliwa wake wa kwanza hata kama amelala kaburini. Msimamizi peke yake hakuweza. Jina alilolipaza kila mgao lilikuwa limemkwama. Alimwita "mwanangu," kwa sauti ndogo, na mara nyingi mwenzake alikuwa ameshapita.

Msimamizi alirudi bombani baada ya muda, bila filimbi. Alichoka na mambo yote isipokuwa moja. Maji yaliporudi, alikinga ndoo ya kwanza akaimwaga. Ya pili akaimwaga. Akaendelea kumwaga, wakati watu wamesimama na madumu yao makavu, wakijua kwamba maji yanaweza kukatika dakika yoyote.

"Msimamizi, ardhi imeshiba, sisi bado!"

"Subirini."

"Kwani tukifa na kiu hatutakuwa tumekufa?"

"Subiri, baba. Nakuomba."

Neno hilo, nakuomba, lilitunyamazisha kuliko filimbi. Lakini halikunyamazisha siku zote. Siku moja maji yalikatika akiwa bado anamwaga, na foleni nzima ikarudi na ndoo tupu. Watu walimwambia maneno mazito. Mmoja alimwambia, "Kwanza ulitupa mabaya, sasa hutupi kabisa." Niliyasikia nikiwa dirishani, na nilikuwa na ndoo yangu katika foleni ile, na mimi pia nilikuwa na hasira. Sikutoka kumtetea.

Pale alipomwaga palikuwa tope, akapanda migomba. Ilistawi haraka, ikazaa mikungu minene. Aliigawa yote, akiipeleka nyumba hadi nyumba. Yeye hakuila, na nyumba moja haikuipokea.

Alianza kupita kwenye nyumba zenye vichanga akiuliza, "Mmechemsha?" Walimwonyesha sufuria. Akitoka walicheka, wakati mwingine walikasirika, na wengine walichemsha ili asirudi. Mkaa ukikosekana kwake alivunja samani. Nilimkuta siku moja anachoma mguu wa stuli, maji yakitokota, akiyatazama kama anataka yamjibu. Zile chupa tupu za dirishani alizijaza maji aliyochemsha, akazipeleka hospitalini, akazipeleka misibani. Mwanamke aliyedhihaki maji ya chupa akawa anatembea nayo kwenye kikapu.

Na alikwenda idarani kuhusu kile kiungo. Alikaa kwenye benchi la ofisi ile mara nyingi hata makarani wakaanza kumwita shangazi. Aliambiwa vifaa hakuna. Aliambiwa gari halina mafuta. Aliambiwa fundi yuko semina. Alirudi akaketi tena. Sisi tulimtakia heri, na kila mmoja wetu alikuwa na kazi siku hiyo. Mwishowe kiungo kilibadilishwa, lakini ni kwa sababu mwenye nyumba ya wageni alitaka kuvuta laini yake mwenyewe, na mabomba mapya yalipofukiwa, kipande chetu kikafukiwa pamoja. Msimamizi alisimama pembeni ya mtaro akitazama mafundi wakikata ile mipira ya baiskeli kwa kisu. Aliomba kipande kimoja. Walimpa. Sijui alikifanyia nini.

Mimi nilihamia Gairo kwa kazi, nikakaa huko miaka. Hata leo, mahali popote, nikifungua bomba siwezi kukinga hapo hapo. Mke wangu ananiuliza nasubiri nini, nami nasema nasubiri yapoe.

Mara ya mwisho nilimwona nikiwa njiani kwenda Dar es Salaam. Basi liliharibika, abiria tukaambiwa litachukua muda, nikapata nafasi ya kwenda hadi mtaani. Sikuutambua upesi. Nyumba zilikuwa na mabati mapya, na nyua nyingi zilikuwa na bomba lake lenye mita. Bomba la mtaa lilibaki nguzo tu, watu wamefungia kamba ya kuanikia nguo. Mgao ulikuwepo bado, ingawa si kama ule wa zamani.

Msimamizi alikuwa amekaa uani kwake kwenye kiti kifupi, amezeeka, mabega yale yameshuka. Nilimpa shikamoo.

"Marahaba. Wewe ni wa tiketi."

"Ndiye, mama."

"Wa dirishani."

Nilisema ndiye. Alinitazama kidogo, kisha akanionyesha mahali pa kukaa. Aliagiza niletewe maji, yakaja kwenye chupa, yamechemshwa, nami nikanywa yote kwa sababu alikuwa akinitazama.

Tukiwa hapo bomba la uani likaanza kukohoa. Aliinuka kwa shida, akaegemea ukuta, akaliachia lote. Kutu ikapita, maji ya rangi ya chai yakapita, yakawa meupe, naye akaendelea kuyaacha yaende kwenye migomba aliyoipanda hapo uani. Majirani wawili walikuwa wameshaingia na ndoo zao, wakasimama wakisubiri. Walikuwa wamemzoea.

Kisha akaingia Mama Shabani.

Alikuwa amenenepa, ushungi wake mweupe, ndoo mkononi. Nilimsalimia, akanijua, akaniuliza habari za Gairo na bei ya karanga. Nilimwangalia Msimamizi nikitaka anieleze. Alisubiri mwenzake asogee bombani, akaniinamia.

"Amerudi tangu mwaka huu. Kule ng'ambo wamefunga bomba," alisema. "Anachukua ya kufulia. Ya kunywa ananunua."

"Lakini anakuja, mama."

"Ya kufulia tu," alirudia, kama mtu anayekataa kuongezewa kitu asichostahili.

Maji yalikuwa yamekwenda muda mrefu. Majirani walikinga, wakaondoka. Mama Shabani akaweka ndoo yake. Ilikuwa inajaa wakati adhana ya alasiri ilipoanza kutoka msikiti wa jirani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaisogeza ndoo pembeni, akakunja mikono ya gauni lake, akachuchumaa penye bomba kutia udhu.

Aliosha viganja. Msimamizi aliacha kuzungumza nami katikati ya neno.

Mama Shabani alikinga maji kwa kiganja cha kulia, akayatia kinywani. Akasukutua, akatema kwenye migomba. Akakinga tena, akayatia kinywani, akatema. Akakinga mara ya tatu. Mkono wa Msimamizi ulikuwa umeshika ukuta, na nikaona mdomo wake mwenyewe umefumbwa kwa nguvu, kana kwamba yale maji yako kwake. Mama Shabani alitema. Aliendelea na pua, na uso, na mikono hadi viwikoni, polepole, bila kutazama upande wetu. Alipomaliza alifunga koki, akajitwisha ndoo yake, akasema, "Haya, mama," akatoka.

Msimamizi alikaa chini. Maji yalikuwa bado yanachuruzika kati ya migomba.

"Umeona?" aliniuliza. "Ameyatia kinywani."